Barua Niliyojiandikia

Mimi ni mtu wa kushuku, na afadhali niliseme hilo mapema. Nilikaa jeshini miaka tisa, na mingi kati ya hiyo niliipitisha kwenye kizuizi cha barabarani huko kaskazini, nikifungua magunia ya sukari ili nione kilichofichwa chini ya sukari. Karibu kila mara chini ya sukari palikuwa na sukari. Mara mbili haikuwa hivyo, na hizo mbili ndizo zilizonifundisha kazi. Niliporudi uraiani, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilikuwa siwezi kukaa chumbani mpaka mgongo wangu uwe ukutani na uso wangu uelekee mlangoni.

Tulihamia mtaa wa Makongeni miezi michache baada ya mimi kuvua gwanda. Mke wangu alikuwa ameishi Kariobangi na watoto wetu wawili muda wote nilipokuwa kambini, na kwa kuwa alishona mashati katika kiwanda cha Industrial Area, Makongeni palimfaa. Aliweza kwenda kazini kwa miguu. Tulipata chumba kimoja, bomba la maji la pamoja, na majirani ambao kabla ya wiki kwisha walikuwa wamenibandika jina la Afande. Waliniamkia kwa jina hilo wakicheka kidogo, nami nilitazama nani anacheka zaidi ya inavyofaa.

Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, alikuwa amenitafutia kazi. Ilikuwa kazi ya getini, kwenye kiwanda alichokuwa msimamizi. Siku hizo ndivyo mambo yalivyokwenda: mtu akitoka jeshini anageuka soja, anapewa rungu, kabuti na kibanda cha mabati, na maisha yanaendelea. Nafasi ilikuwa yangu ilimradi nifike Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata. Nisipofika angepewa mwingine, na huyo mwingine alikuwa tayari ananyoa ndevu.

Lakini mimi nilitaka kuwa mwalimu. Sikuwa nimeota ndoto hiyo utotoni. Ilinipata kambini, kwa sababu nilikuwa nawasomea barua wenzangu ambao hawakuwa na shule. Koplo mmoja mwenye mvi alichoka kusomewa. Akaniomba nimfundishe. Tulikaa chini ya turubai miezi minne, yeye na penseli yake aliyoishika kana kwamba ni msumari, mimi nikimkemea na yeye akinitii ingawa cheo chake kilikuwa juu ya changu. Siku barua ya mke wake ilipofika aliisoma mwenyewe, midomo ikicheza, halafu akaikunja akaitia mfukoni na kukataa kata kata kuniambia imesema nini. Sijawahi kufurahia kunyimwa kitu kama siku ile. Mkataba wangu ulipokwisha nilikataa kuongeza.

Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne, daraja la tatu, si cha kujivunia na si cha kutupa. Nikaandikia chuo kimoja cha ualimu kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa basi kutoka mjini. Fomu yao ilisema watakaochaguliwa wataitwa kwa mahojiano kabla ya mwezi kwisha. Nilimwambia mke wangu peke yake, na hata yeye nilimwambia nusu. "Nimeandika mahali," nilisema. Aliniangalia, akaendelea kukata sukuma wiki.

Tatizo lilikuwa sanduku la posta. Sisi hatukuwa na letu, na wengi mtaani hawakuwa nalo. Tulitumia la kanisa. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa reli, ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alipita posta kila siku akitoka kazini kwa baiskeli, akaleta barua, na Jumapili baada ya ibada alisimama mlangoni na kuziita moja moja kwa sauti ya mtu aliyezoea kutangaza treni. Ukiitwa unaenda mbele, unaipokea, watu wote wanaona umeandikiwa. Wengine waliona ni raha. Mimi niliona ni kuvuliwa nguo.

Na mzee mwenyewe sikumwamini. Alikuwa mfupi, mwenye koti la reli la vifungo vya shaba alilolivaa hata jua likiwaka, na aliimba tenzi kwa nguvu kuliko kwaya nzima. Tulipokuwa wageni nilijitolea kufundisha shule ya Jumapili. Alisimama mbele ya wazee wenzake akasema, "Watoto si makuruta." Wazee wakacheka, na ombi langu likafia hapo. Nilimwekea kinyongo tangu siku hiyo, na sioni aibu kukisema. Nilichojiuliza usiku na mchana ni hiki: mtu asiyetaka nifundishe hata hadithi ya Nuhu, atafurahi kuniletea barua ya chuo cha ualimu?

Wiki mbili zilipita. Kila Jumapili zilitajwa barua za watu wengine, bahasha nyeupe, bahasha za mistari ya rangi kutoka ng'ambo, kadi za mwaliko wa arusi. Yangu haikutajwa. Fomu yenyewe nilikuwa nimepewa mkononi, ofisi ya elimu mjini, katika bahasha ndefu ya kaki, kama za serikali zote, kwa hiyo nilijua na jibu litakuja hivyo hivyo. Nikagundua jambo: tangu tuje kanisa lile, sikuwahi kuona bahasha ya kaki ikiitwa. Hata moja. Machale yakanicheza.

Jumanne iliyofuata, saa tisa hivi mchana, mke wangu akiwa kazini na watoto shuleni, nilisikia kengele ya baiskeli nje. Nilisogeza pazia kwa kidole kimoja. Mzee alikuwa ameegemeza baiskeli yake ukutani. Biblia ilikuwa kwapani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akabisha. Sikujibu. Mzee wa kanisa anatafuta nini nyumbani kwa mtu Jumanne? Akazunguka hadi dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo ili aone ndani, nami, mwanamume mzima niliyelitumikia taifa miaka tisa, nikajilaza chini ya kitanda cha watoto wangu. Aliguna, akaondoka. Nilibaki pale chini muda mrefu nikipanga.

Jeshini tukimshuku mtu tulimpima. Siku iliyofuata nilikwenda mjini, kwa wale wapiga taipu waliokaa kwa meza zao karibu na posta, nikanunua bahasha mbili: moja nyeupe, moja ndefu ya kaki. Nilimwomba mama mmoja aandike jina langu na anwani ya kanisa kwenye zote mbili. Katika ile nyeupe nilitia karatasi tupu. Katika ile ya kaki nilitaka maneno, ili mzee akiifungua ayakute. Nikamsomea yule mama, naye akapiga:

"Mzee, ukisoma hii ujue umeshikwa. Mwizi wa barua ni mwizi tu, hata akivaa koti la vifungo. Huna haya."

Alisimamisha vidole. "Hii ni ya kesi?"

"Ni ya ukaguzi," nikamjibu.

Niliziposti zote mbili pale pale, katika mdomo mmoja wa sanduku moja. Jumapili ilipofika nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Mzee alisimama mlangoni. Aliita barua kumi na kitu, na katikati akaliita jina langu. Nilikwenda mbele nikaipokea karatasi yangu tupu kwa mikono miwili. Ilikuwa bahasha nyeupe. Nilingoja mpaka mfuko wake ukawa mtupu. Ya kaki haikuonekana.

Nikasema basi, nimempata. Ningemkabili pale pale, lakini mazoea ya kizuizini yaliniambia ningoje. Mtu ukimshika mapema anapata nafasi ya kusema alikuwa anaelekea kuileta.

Wiki ile akaja tena, jioni, mke wangu akiwepo. Nilikuwa nimemwonya: mzee wa reli akija, mwambie nimesafiri. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza.

"Amesafiri," mke wangu alisema. Si mzoefu wa kudanganya, na sauti yake ilijikwaa.

"Atarudi lini?"

"Sijui, mzee."

"Akirudi mwambie namtafuta. Na hiyo siku na wewe lazima uwe hapa. Nataka nyinyi wote wawili."

Alipoondoka mke wangu alinigeukia. "Sasa kwa nini namwambia uongo mzee wa watu?"

"Hujasikia? Anataka na wewe uwepo. Kwa nini? Anataka kunichongea kwako."

"Wewe jeshi lilikuharibu kichwa," alisema, akaenda kuchota maji.

Jumapili iliyofuata mzee aliniona kanisani kabla sijapenya mlango wa pembeni. Alinishika mkono na hakuuachia. "Afande, ulirudi safari? Sawa. Nitakuja nyumbani. Mama awe." Macho yake yalikuwa na kitu nilichokisoma kuwa ni hila. Siku mbili baadaye alikuja na mke wake. Nilikuwa peke yangu tena, nyuma ya pazia tena. Mama yule alibeba kiondo, na juu ya kiondo niliona pakiti ya sukari, majani ya chai na mkate. Wakabisha, wakanong'ona, wakabisha tena. Mtu aliyelelewa vizuri angejua ni wapi watu wazima huenda wawili wawili wakibeba sukari na majani ya chai. Mimi nilijiambia: sasa anataka kuninunua.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Kesho yake ilikuwa Jumatatu ya getini. Kabuti langu la kazi lilikuwa limekwisha letwa na shemeji, linaning'inia msumarini, na kila nilipolitazama lilinipandisha hasira. Mwezi ulikuwa umekwisha, na chuo hakijasema lolote, au kimesema na mtu ameikalia barua. Nilikula chakula cha mchana bila kukionja, nikavaa viatu, nikaenda nyumbani kwa mzee.

Alifungua mwenyewe. Uso wake ukachangamka kwa namna iliyonikera.

"Karibu, karibu! Na mama watoto?"

"Nimekuja kuchukua barua zangu, mzee."

"Ziko. Ziko salama. Lakini hatuwezi fungua bila mama." Akamwita binti yake mkubwa na kumtuma kwetu haraka.

Nilikaa kwenye kochi lake, mgongo ukutani. Nilikuwa nimeandaa hotuba, na hotuba isiyotolewa inachoma kifuani. Mke wangu alifika akihema, kanga ya jikoni ikiwa bado kiunoni. Mke wa mzee alimwongoza akae kando yake, akamshika mkono, akaendelea kuushika. Mzee akachutama akavuta kisanduku cha bati kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na bahasha mbili ndefu za kaki. Zilikuwa zimefungwa vile vile zilivyotoka posta.

"Afande," alisema, "wewe ni mgeni hapa, labda nilikosa sikukueleza. Hii ya kaki mimi siiti kanisani. Zamani nilikuwa naita. Nilikuwa nafikiri barua ya serikali ni bahati. Siku moja nikaita mama mmoja, mzee wake alikuwa jeshi kama wewe, huko huko kaskazini. Niliita kwa nguvu, kwa furaha. Akafungua pale mlangoni, mbele ya watu. Walikuwa wamemwandikia mzee wake amekufa." Akakuna goti. "Alianguka kwa miguu yangu. Tangu hiyo siku, ya kaki naleta nyumbani, naweka kwa mkono wa mwenyewe, na lazima awe na mtu wake karibu. Ni hiyo tu. Nilikuja kwako mara tatu, ya mwisho na mama, tumebeba na sukari ya matanga."

Mke wangu aligeuza kichwa polepole akanitazama. Nilihisi masikio yangu yakiwaka moto.

Mzee alinikabidhi zote mbili. Mama yule alifumba macho, akaanza kuomba chini kwa chini. Nilizitazama zile bahasha na, kwa jinsi nilivyokuwa nimechagua yangu kwa uangalifu, sikuweza kujua ni ipi. Nilichana ya juu. *Mzee, ukisoma hii ujue umeshikwa.*

Mzee alikuwa amevaa miwani yake na kuniinamia, tayari kunisaidia endapo Kiingereza kingenishinda. Nikaikunja ile karatasi mara mbili, mara nne. Hadi leo sijui macho yake yalikuwa yamefika mstari gani.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Ni mambo ya kumbukumbu za jeshi tu."

"Hakuna mtu amekufa?"

"Hakuna."

"Mungu asifiwe," mama wawili walisema pamoja, na mke wa mzee akafuta machozi.

Nilifungua ya pili. Ilikuwa ya chuo. Nilikuwa nimechaguliwa kwa mahojiano, nifike na cheti changu na hati ya kuachishwa jeshi, siku ya Ijumaa. Ijumaa yenyewe ilikuwa juzi. Nilisoma tena nikitumaini ni Ijumaa nyingine. Nilitamani kulia, na kama si wale mama ningelia. Niliona nimejinyang'anya kwa mikono yangu kile kitu kimoja nilichokitaka, nikiwa nimelala chini ya kitanda.

Mzee alinyoosha mkono, nikampa barua. Aliisoma kwa sauti, taratibu, kwa Kiingereza cha reli, akafika kwenye siku akasimama. Nilimwona akihesabu kwa vidole.

"Ijumaa," alisema. "Ijumaa hii ilikuwa hapa, kwa hii sanduku. Ningempatia mama ile jioni nilikuja. Alikuwa amesimama mbele yangu. Nilikataa kwa sababu ya mambo yangu." Akavua miwani. "Kesho sitaenda kazi. Kesho tunaenda wote huko chuo, niwaambie kosa ni yangu."

"Kesho anaingia getini," mke wangu alisema. Kisha akawaza kidogo, na aliponitazama safari hii hakukuwa na mzaha machoni. "Geti ziko kila mahali. Nenda."

Tulirudi nyumbani, tukafika bombani. Hapo akauliza, "Utamwambia lini?"

"Nini?"

"Kwamba ulikuwa ndani. Mara mbili, na mara moja ukinitumia mimi."

"Nitamwambia kwenye basi."

Na hakujua habari za ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Hiyo niliitia jikoni kwenye makaa mwenyewe.

Mzee alinipitia alfajiri amepiga pasi koti lake, vifungo viking'aa, kofia mkononi. Kwenye basi alinilipia nauli kabla sijatoa mkono mfukoni. Nilifungua mdomo kumwambia tulipopita vibanda vya mwisho vya mji, nikafungua tena tulipoanza kupanda milima. Kila mara nilijiuliza: nikimwambia, je, atarudi? Atashuka kituo kinachofuata aniache niende peke yangu, na peke yangu nitasema nini? Hata saa ile nilimshuku. Yeye alikuwa anauonyesha mlima huu na ule, akiniambia njia ya reli ilivyotakiwa kupita na kwa nini haikupita.

Mkuu wa chuo alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, labda umri wa mtoto wa kwanza wa mzee. Alitupokea akiwa na haraka. Mahojiano yamekwisha, alisema, na waliochelewa wana mwakani. Mzee hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Alisimama, kofia kifuani.

"Bwana mkuu, huyu hajachelewa. Hii barua ilikaa kwangu siku kumi na tisa. Mimi ndiye nashika sanduku la posta la kanisa. Nilimficha barua yake. Kosa ni yangu peke yangu."

Mkuu aliweka kalamu chini, akanigeukia.

"Ni kweli? Huyu ndiye aliyeizuia barua yako?"

Nilikuwa na nafasi yangu. Mzee mwenyewe aligeuka akanitazama, si kwa kuniomba, ila kunitia moyo, kama mtu anayemsukuma mwenziwe apite mbele kwenye foleni.

"Ndiyo, bwana," nilisema. "Ni yeye."

Mkuu alimkemea. Alimwambia kuhusu sheria za posta, kuhusu kuharibu maisha ya vijana, kuhusu ujinga wa wazee wanaojifanya wanajua, na alichukua muda mrefu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mzee aliitikia kila sentensi kwa "ndiyo, bwana," macho sakafuni, vidole vikizungusha ukingo wa kofia. Mimi nilisimama wima, mikono ubavuni kama nilivyofundishwa, nikatazama mbele. Alipomaliza alimwonyesha mzee mlango akangoje nje. Kisha akanivutia kiti, akafungua faili jipya, na kuniuliza kwa nini nafikiri mtu kama mimi anafaa kukabidhiwa watoto.